Mbegu za Ukiriguru na chanjo ya ndigana kali, vipo kweli au ni vya Nane Nane tu?

Kijana wa Buchosa

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa wote.

Mzee wangu amenikabidhi shamba huku Buchosa, ekari kadhaa za kichanga kuelekea ziwani, yeye magoti yamegoma sasa hivi anakaa kibarazani anatoa amri tu. Pale ni mihogo miaka yote, na zizini kuna ng'ombe wa kienyeji wachache pamoja na mtamba mmoja chotara niliyemnunua mwenyewe kwa pesa ya dagaa, huyo ndo ananinyima usingizi.

Shida ya kwanza mihogo. Kwa juu shamba linaonekana limestawi, labda majani ya chini yana manjano manjano, lakini ukija kung'oa ukapasua unakuta ndani kahawia, pamekauka kama kizibo cha chupa. Mama anakatakata anatupa, kinachobaki ndo kinalowekwa udaga, na udaga wenyewe unatoka na rangi ambayo wanunuzi wa mwaloni wakiiona wanaanza kushusha bei kabla hata hamjasalimiana. Mzee anasema ardhi imechoka. Jirani anasema mvua zimezidi. Mimi naona hakuna anayejua.

Shida ya pili ndama. Wanazaliwa wazuri tu, wakianza kutoka malishoni ghafla unaona ndama kazubaa, matezi ya chini ya sikio na mbele ya bega yamevimba, homa, anahema kwa shida, povu puani, kwisha habari. Tunachoma ile sindano ya antibiotiki ya dukani, OTC, mara apone mara asipone.

Sasa kuna jamaa kijiweni kasema mbona Ukiriguru, kile kituo cha utafiti wa kilimo, wana mbegu za mihogo zisizosumbuliwa hivyo, na ndigana kali, ule ugonjwa unaoua ndama hivi, ina chanjo ng'ombe anachomwa mara moja basi maisha yake yote. Nauliza wenye kujua, hivi vitu vipo kweli au ni vya kuonyeshwa pale Nyamhongolo wakati wa Nane Nane halafu mabanda yakifungwa na vyenyewe vinafungwa? Na kwa ujumla hawa watafiti wa kilimo na mifugo wa nchi zetu hizi za joto, miaka yote hiyo wamefanya nini ambacho mtu wa Buchosa anaweza kukishika mkononi? Sio kejeli, nauliza kweli.

Jembe la Misungwi

Kijana karibu sana. Nimewahi kufanya vibarua kwenye mashamba ya majaribio pale Ukiriguru, kwa hiyo hiki nitakachosema sio cha kusimuliwa.

Kwanza ardhi ya mzee wako muache kuisingizia. Hiyo inaitwa michirizi ya kahawia, ni ugonjwa wa virusi, na uko tofauti na batobato. Batobato unaiona kwa mbali, majani yanajikunja na kuwa na mabaka mabaka, mmea unadumaa. Michirizi yenyewe ni mnafiki, majani yanaweza kukudanganya mpaka siku ya kuvuna. Yote miwili inaambukizwa na inzi weupe, vile vidudu vyeupe vinavyoruka ukitikisa majani, lakini kwenye michirizi huyo inzi hakai na virusi muda mrefu, anaviangusha karibu karibu. Anayevisafirisha mbali ni mimi na wewe, tunapobeba mzigo wa pingili, yaani vipande vya shina vya kupanda, kutoka kwa shemeji tunavuka nao tunaenda kuupanda kwetu. Na kila msimu mkichukua pingili za shamba hilo hilo mnapanda mbegu pamoja na ugonjwa wake, kwa hiyo hata mngehamia kwenye shamba jipya lenye rutuba ya kutisha mngevuna hiyo hiyo kahawia.

Sasa swali lako la wamefanya nini. Huu ugonjwa uliandikwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 kule Amani, milima ya Usambara, Tanga. Kituo kile Wajerumani walikianzisha 1902, Waingereza wakakichukua, na mtafiti aliyeshughulika na magonjwa ya mihogo pale aliitwa Storey. Wakati huo michirizi ilionekana ni ya watu wa pwani, huku miinuko ya ziwa hatukuijua hivyo. Storey na wenzake wakachukua muhogo wakauchanganya na ndugu yake wa mwituni, ule mti wa mpira unaoitwa Manihot glaziovii, wakapata machotara yanayohimili magonjwa. Mbegu za machotara hayo zikapelekwa Nigeria miaka ya 1950, baadaye IITA kule Ibadan, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto iliyoanzishwa 1967, wakazitumia kama mzizi wa aina zao za miaka ya 1970. Sasa mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikalipuka Uganda, ikawa inashuka kusini mwaka hadi mwaka, kuna wilaya kule watu waliacha kabisa kulima muhogo na njaa ikawa njaa kweli, ikavuka Kagera kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikatufikia na sisi. Kilichookoa jahazi ni aina zile zenye damu ya Amani zilizokuwa zimekaa Ibadan. Yaani kitu kimetoka Tanga kikaenda Nigeria kikarudi ziwani kupitia Uganda, halafu mtu anakaa kijiweni anasema hizi mbegu za kizungu.

Batobato ilipotulia kidogo michirizi nayo ikapanda huku miaka ya 2000. Ndo hapo ulipo wewe leo.

Mbegu zipo. Kiroba ilitoka pwani, inavumilia michirizi. Mkombozi watu wa kanda ya ziwa wanaijua. Kuna Chereko, Mkuranga 1, Kipusa, na za karibuni wanaziita TARICASS. Lakini nikuambie ukweli usije ukanitukana mwakani, hakuna muhogo hapo usioumwa kabisa. Zinavumilia, maana yake virusi vinaweza kuingia lakini kiazi kinaharibika kidogo au kwa kuchelewa. Ukizipanda katikati ya shamba la zamani linalonuka ugonjwa, baada ya misimu kadhaa na zenyewe zinachoka.

Ndo maana ukienda Ukiriguru usiulize jina la mbegu peke yake, uliza pingili safi. Kuna wakulima wamefundishwa kuzalisha pingili, mashamba yao yanakaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, waulize yupo nani upande wenu. Anayekuuzia mbegu bila kukuonyesha shamba lilikotoka muache na mzigo wake. Ukishapanda pita shambani mapema, mmea wenye dalili ng'oa bila huruma, na usiache mihogo ardhini miaka kama mlivyozoea, michirizi inavyokaa ndivyo inavyozidi kula kiazi. Kama una smatifoni kuna programu inaitwa PlantVillage Nuru, unaielekezea jani inakuambia ni batobato au michirizi au ni utitiri tu, na inafanya kazi hata pasipo mtandao.

Dagaa Mkavu

Mkuu Jembe umeeleza vizuri na historia nimeipenda, ila naomba nimwage maji kidogo.

Mimi niko Magu. Huku kuna mradi ulikuja na mbegu za mihogo, sitautaja, magari mapya, fulana, kofia, semina na soda. Pingili zenyewe zimefika mvua zimeshakatika, zimekauka kwenye lori, wakatugawia, wakapiga picha. Zilizoota zikazaa vizuri sana sikatai, lakini unga wake ukisonga ugali haushikani, na ukiloweka udaga haulainiki kwa siku tulizozoea. Nyumbani mama watoto akasema hiyo kapande kwa ajili ya picha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye kabla mbegu haijapewa jina. Mradi ukaisha na aliyekuwa anapokea simu akahamishwa.

Na tuseme ukweli, Ukiriguru ipo tangu miaka ya 1930 lakini ilijengwa kwa ajili ya nini? Pamba. Pamba ilikuwa inaondoka kwenda viwanda vya Uingereza, kwa hiyo ikapata watafiti wa nguvu mapema. Muhogo na viazi ni chakula cha wanawake na watoto, vimekuja kukumbukwa baadaye sana. Kwa hiyo kijana anapouliza wametufanyia nini, ajue utafiti unafuata pesa iliko kwanza.

Jembe la Misungwi

Dagaa hapo kwenye pamba sikubishii hata kidogo. Ingawa hata kwenye pamba huyo huyo mkulima wa Kwimba alipata kitu, walichagua mipamba yenye majani ya manyoya manyoya mpaka wale wadudu wa kufyonza wakawa hawapati pa kukaa, na wakati huo huo walikuwa wanapima samadi na matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie kwenye luseni, ule udongo wa kichanga. Hayo matuta wazee wetu wengine walilazimishwa kwa viboko na serikali ya mkoloni ndo maana wakayachukia, lakini mvua ikiwa haba yanasaidia.

Kwenye ugali pia uko sahihi. Siku hizi wanaita wakulima wa kike waje waonje na wamenye kabla aina haijapitishwa, angalau inafanyika. Ila hilo la pingili kufika zimekauka ni la mradi, sio la mbegu. Pingili sio kama mahindi ya kwenye mfuko, huwezi kuiweka stoo ukasubiri mvua. Ndo maana nasema mzalishaji lazima awe jirani, sio lori kutoka mbali.

Na kitu kingine nilisahau kumwambia kijana. Kule Chato walifanya jaribio moja zuri sana, na jingine Mkuranga. Watu wa eneo zima walikubaliana wang'oe mihogo yote ya zamani, yote, halafu wapande pingili zilizopimwa hazina virusi. Michirizi ilipungua sana katikati ya eneo, pembeni ndo ikawa inarudi polepole kutokea kwa wale ambao hawakuingia. Sasa wewe ukisafisha peke yako na jirani yako ana shamba la michirizi hatua mbili kutoka kwako, umefanya kazi ya bure. Anza na majirani.

Sindano Moja

Habarini. Mimi ni wa mifugo, nazunguka Sengerema na Buchosa kwa pikipiki, nadhani hata mzee wako ananijua kwa sura.

Matezi kuvimba, homa, povu puani kwa ndama, hiyo ni ndigana kali. Inaletwa na kupe wa sikio, yule wa kahawia, siyo kila kupe unayemuona. Na hapa nikukatize kitu kimoja maana kinaua ng'ombe wengi: OTC ukimchoma ndama ambaye tayari matezi yamevimba haitibu ndigana kali. Wanaopona ni wale waliokuwa na bahati au walikuwa wanaumwa kitu kingine, kwa mfano ndigana baridi ambayo OTC inaiweza. Dawa ya ndigana kali yenyewe ni buparvakwoni, ni ghali, na inataka uwahi kabla maji hayajajaa mapafuni. Ukisubiri povu umechelewa.

Chanjo ipo, sio hadithi ya kijiweni. Ilitengenezwa Muguga nje kidogo ya Nairobi miaka ya 1970 na jinsi inavyotengenezwa ukiambiwa unaweza kudhani mtu anakutania. Wanalisha kupe kwenye ng'ombe aliyeambukizwa kwa makusudi, halafu hao kupe wanasagwa, yale maji yao yenye vimelea hai yanachujwa, yanapimwa, yanagandishwa kwenye naitrojeni ya maji. Ndani yake wamechanganya vimelea vya aina tatu, na mojawapo asili yake ni Serengeti hapa hapa jirani. Kwa hiyo ukimchanja ng'ombe unampa ugonjwa wenyewe ukiwa hai, na dakika hiyo hiyo unamchoma OTC ya muda mrefu kwa kipimo cha uzito wake ili ugonjwa usipande. Mwili unaujua, unajenga kinga, mara nyingi kwa maisha yote. Ndo maana nasema OTC ina kazi yake, ila ni siku ya chanjo, sio siku ya povu. Na ndo maana pia hii kitu haifanywi na mtu wa kubahatisha, ukikosea uzito wa ng'ombe kipimo cha OTC kinakuwa kidogo, umemuua mwenyewe.

Wafugaji wa Kimasai kaskazini walianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1990 na waliilipia kwa pesa yao. Hii huwa nawaambia wanaosema mfugaji hapendi kulipa. Mfugaji akiona ndama wenye hereni za chanjo wanabaki na wasio na hereni wanaondoka, analipa kabla hujamaliza sentensi.

Kwa nini huioni Buchosa kila siku? Kwa sababu ya ubaridi. Inataka mtungi wa naitrojeni kuanzia inakotengenezwa, siku hizi ni Lilongwe Malawi, mpaka zizini kwako. Halafu mrija mmoja una dozi za ng'ombe wengi, ukishaufungua lazima uishe siku hiyo hiyo, kesho ni uchafu. Kwa hiyo mtu mwenye ndama wawili akinipigia simu siwezi kuja, ningekuwa namwaga hela. Mkikusanyana majirani mkafikisha ndama wa kutosha mrija mmoja ndo tunaanza kuongea. Na baada ya chanjo usiache kuogesha, kwa sababu ndigana baridi, maji moyo na ile ya kukojoa damu zote zinaletwa na kupe na hii chanjo haizigusi. Na wenye ng'ombe wanaochanganyika na nyati, kule Bunda pembeni ya hifadhi, kinga inaweza kupenywa. Wewe wa Buchosa hilo halikuhusu.

Huyo mtamba chotara muweke wa kwanza kwenye orodha. Wale wa kienyeji wana uvumilivu wao wa kuzaliwa kidogo, chotara hana, kupe mmoja mbaya anatosha.

Na ndugu yangu Dagaa, uliposema utafiti unafuata pesa nikakumbuka sotoka. Muulize babu yako. Sotoka ilipita Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe mpaka watu wakafa njaa. Chanjo nzuri ya kuipiga ilitoka pale pale Muguga, mtu anaitwa Walter Plowright, na mwaka 2011 ikatangazwa sotoka imeisha duniani. Imeisha kabisa, hakuna kijana hapa aliyewahi kuona ng'ombe wa sotoka, ndo maana hakuna anayeikumbuka watafiti wanapotukanwa.

Dagaa Mkavu

Sindano hapo umenikamata, sotoka marehemu bibi alikuwa anaitaja kwa hofu kama anaitaja mtu. Nimeelewa. Ila chanjo ya mtungi wa naitrojeni kwa mtu wa kijijini bado naona ni safari.

Mama Nansio

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, mmeongea mihogo na ng'ombe, viazi vitamu mmeviruka kama kawaida ya wanaume.

Huku Ukerewe na hata kwenu Buchosa viazi ndo vinalisha nyumba, tukikausha michembe na matobolwa tunavuka nayo kiangazi. Shida yetu kubwa ilikuwa marando, yale mashina ya viazi ya kupanda. Kiangazi kikiwa kirefu marando yanakufa yote, mvua ikinyesha unaanza kuzunguka kwa watu kuomba, ukiyapata msimu umeshakwenda na yana ugonjwa wa virusi juu yake. Sasa watafiti wa viazi, wa CIP, kile kituo cha kimataifa cha viazi, pamoja na wa Ukiriguru na wenzao wa Uganda, walitufundisha kitu ambacho hakina naitrojeni wala lori, Dagaa sikiliza. Ukivuna unachagua viazi vidogo vizima visivyo na fukusi, unavipanga kwenye beseni lenye mchanga mkavu, unafunika na mchanga, unaweka ndani pasipo mvua wala panya. Vinalala humo kiangazi chote vinachipua taratibu. Ikibaki kama miezi miwili mvua zije unavitoa unavipanda karibu na nyumba unamwagilia maji ya kuoshea vyombo, mvua ikidondoka una marando yako mwenyewe, tena unauza kwa wale waliokuwa wanakuringia.

Na viazi lishe vile vya rangi ya karoti, Kabode na Mataya, vina vitamini A, macho ya watoto na kinga. Vya mwanzo mwanzo vilikuwa na maji maji, watoto wanakula wakubwa hawataki, maana sisi kiazi tunataka kikavu cha kukaba kidogo na chai. Kabode ni afadhali sana. Yule mzalishaji wa mbegu Mganda, Robert Mwanga, na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya vyakula vya namna hii, na kazi kubwa ya Mwanga ilikuwa hiyo hiyo, kutafuta kiazi chenye rangi lakini kikavu na kinachohimili virusi vya huku ziwani. Kwa matobolwa lakini mimi bado natumia kiazi cheupe, hapo hawajanishawishi.

Ja-Mbita

Habari zenu watu wa Mwanza. Mimi niko Mbita upande wa Kenya, ziwa ni moja tu so nimeona niweke neno. 

Huyo kijana ana mihogo na ng'ombe lakini sijaona akitaja mahindi. Kama anapanda mahindi kidogo ya kula, na kama kiduha kinamsumbua, ile gugu ya maua ya zambarau, hapa kwetu tunaiita kayongo, basi aangalie hii kitu ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu. Wako na stesheni hapa Mbita, na mwenye alianzisha ICIPE mwaka 1970 ni Profesa Thomas Odhiambo, mtu wa huku huku Nyanza. Unapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, halafu unazungusha majani ya tembo kando ya shamba. Harufu ya desmodiamu inafukuza nondo wa bungua asitage kwa mahindi, anakimbilia majani ya tembo, na mabuu yakitoboa pale utomvu unayanasa mengi yanakufa. Chini kwa udongo mizizi ya desmodiamu inafanya mbegu ya kiduha iote na ikose kushika mzizi wa mahindi, inakufa. Ukiweka miaka kadhaa akiba ya kiduha kwa udongo inapungua sana.

Kwa nini nimeleta kwa mjadala wa ng'ombe: hayo yote mawili unakata unalisha. Mtamba chotara akikula majani ya tembo na desmodiamu maziwa yake utayaona. Mwanzo ni kazi ngumu, msimu wa kwanza palizi ya desmodiamu inachosha na mbegu yake si rahisi kupata, sikudanganyi. Na inataka shamba lako mwenyewe, huwezi weka kwa shamba ya kukodi msimu mmoja.

Kijana wa Buchosa

Aisee wakuu, sikutegemea. Wabeja sana wote, mama shikamoo.

Nimemsomea mzee maandishi ya Jembe, kwanza akakataa, eti virusi ni vya watu mjini. Nikaenda nikang'oa mashina mbele yake kutoka kwenye sehemu mbili tofauti, ile ya kichanga na ile ya bondeni yenye udongo mweusi ambayo anaisifia kila siku ina rutuba. Tukapasua, kahawia kote kote. Akanyamaza, halafu akasema basi kaulize bei ya hizo pingili. Kwa mzee wangu hiyo ni hotuba ndefu.

Nimeongea na majirani wawili kuhusu kung'oa yote, mmoja amekubali mwingine anasema akivuna kwanza. Kuhusu ndama tumehesabu ukoo mzima na wa ng'ambo ya barabara, Sindano nitakutafuta inboksi tuone kama tunajaza mrija.

Maswali mawili ya mwisho msichoke. Kituo cha mifugo cha Mabuki nacho kinasaidia nini mtu kama mimi, au ni cha wenye ranchi? Na malisho, kiangazi huku hakuna kitu, majani ya tembo bila maji si yanakufa?

Sindano Moja

Mabuki ni TALIRI, utafiti wa mifugo, iko Misungwi barabara ya Shinyanga. Nenda, getini hawakuulizi una ng'ombe wangapi. Waulize habari za kuchagua dume la kuboresha kienyeji na mbegu za malisho, ndo shughuli zao.

Kiangazi, kabla hujanunua mbegu yoyote fufua ngitili. Mzee wako anaijua, sehemu inafungwa tangu mvua hakuna kuingiza ng'ombe mpaka kiangazi kibane. Shinyanga ilikuwa imegeuka jangwa, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986 wataalamu wakaishia kuona kwamba kitu kinachofanya kazi kuliko miche yao ya kigeni ni ngitili za Wasukuma wenyewe, wakawa wanazisimamia na kuzipima, miti ikarudi na malisho yakarudi. Kwenye ngitili ndo unaweza kuongeza brakiaria. Majani hayo asili yake ni Afrika, Wabrazili waliyachukua wakayaboresha mpaka wakajaza ranchi zao, sasa mbegu zilizoboreshwa ndo tunaziagiza, zinavumilia ukame kuliko majani ya tembo.

Na mashudu ya pamba, uko Mwanza bwana, tumia. Mpe ng'ombe mkubwa kwa kiasi, ndama mdogo na kuku usiwape hovyo, yana sumu ya asili inayowadhuru.

Mama Nansio

Umetaja kuku mwanangu, naomba nichomekee hapo hapo. Mdondo umenimalizia kuku kila mwaka upepo ukianza kuvuma. Kuna chanjo ya matone ya jichoni nasikia haihitaji friji kali, ni kweli au nitauziwa maji?

Sindano Moja

Ni kweli mama, shikamoo. Inaitwa I-2, asili yake ni utafiti wa Australia waliotafuta chanjo inayovumilia joto kwa ajili ya kuku wa vijijini, na hapa nchini inatengenezwa na maabara ya veterinari ya serikali, TVLA, ukiulizia dukani wanaiita TEMEVAC. Kuvumilia joto sio kuianika juani lakini, ibebe kwenye kitambaa kilicholowa, kwenye kikapu, kivulini. Tone moja jicho moja kila kuku, mkubwa kwa kifaranga kipimo ni hicho hicho, unarudia kila miezi mitatu. Chanja kabla upepo wa mdondo haujaanza, sio kuku wa kwanza akishapinda shingo. Na wachanjeni jioni wakiwa wamelala bandani, mchana utawakimbiza mpaka chanjo iishe nguvu mkononi.

Dagaa Mkavu

Mama Nansio, hayo marando unauza bei gani na unavusha lini?